Ramani Haioneshi Jamaa

Oman ni nchi rahisi kuipangia safari, ukiitazama kwenye ramani. Unaanzia Muscat pwani, unashika barabara kuu ya kuingia bara hadi Nizwa, mji wa ngome. Kutoka hapo unapanda Jebel Akhdar, unashuka kuelekea mashariki mpaka mchanga wa Wahiba, kisha unatokea Sur, mji wa majahazi, umerudi baharini. Mduara safi kabisa. Niliuchora kwa kalamu ya rangi, nikaandika na saa za kuondoka, nikamwonesha mama.

Mama akavaa miwani. "Nizwa umeandika ngome tu. Na mtoto wa marehemu ami yako je? Upite mlangoni kwake kama mwizi?"

Hapo ndipo ilipo shida ya Mzanzibari aendaye Oman. Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, watu wakaoana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi wakavuka kwenda Oman, na Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 wakazidi. Leo kila mji wa kitalii una shangazi, na kila shangazi ana sufuria. Mtalii wa Kijerumani anaimaliza Nizwa asubuhi moja. Sisi, mimi na mama, tuliulizwa kwanza habari za kila aliye hai Unguja, halafu tukaanza na waliokufa. Na kabla ya hapo, huko Seeb, kando ya Muscat, kwa shangazi, nilikuwa nimeamshwa kwa mbaazi za nazi na mandazi. Yaani nimepanda ndege kwenda kula nilichokiacha Darajani.

Ngome tuliiona, lakini jioni, karibu wanafunga. Mnara wake mnene wa duara ulijengwa na Imamu Sultan bin Saif katika karne ya 17, na juu ya ngazi yameachwa matundu ya kumwagia adui asali ya tende iliyochemka. Nilimweleza mama kwa fahari. Akainua uso, akalichungulia tundu, akasonya. "Asali yote hiyo? Haluwa wangepika na nini?"

Njia ya Jebel Akhdar ina kizuizi cha polisi pale Birkat al Mawz. Gari lisilo na nguvu kwenye magurudumu yote manne halipiti. Letu lilikuwa dogo, la kuazima, limeinama nyuma kwa vyombo vya chakula tulivyofungiwa Nizwa. Askari alilizunguka, akachungulia chini yake, akatabasamu kwa huruma. Rudini. Mama akapiga simu. Haukupita muda akaja binamu na gari kubwa, na mkewe, na watoto, na sinia la biriani lililofunikwa. Kule juu, kwenye uwanda wa Saiq, mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, ambako nilipanga tutembee mashambani, tulitandika mkeka tukala huku meno yakigongana kwa baridi. Mikomamanga niliiona dirishani, tukishuka.

Jangwani nilijua tutapumzika. Mchanga hauna shangazi. Pale Bidiyah dereva wa kutuingiza mchangani alisimama, akachuchumaa kwenye tairi la mbele na kuanza kulitoa upepo, ili likanyage kwa upana gari lisizame. Kwao ni jambo la kawaida. Mama, aliyezoea kwamba tairi likilia *sss* safari imeharibika, akamsogelea kwa upole: "Baba, tumekukosea nini?"

Usiku kambini nimelala chali natazama nyota, mzee wa hema la jirani akamsikia mama akikohoa. Sijui kikohozi cha Kiunguja kikoje, ila mzee alikitambua. "Nyinyi watu wa wapi?" Malindi, mama akasema, Malindi ya Unguja. Mzee akakaa chini. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshapata babu wa kuwaunganisha, ameshapiga simu Sur, na ameshauliza kama tunakula papa.

Sur nilikuwa na ombi moja tu: twende Ras al Jinz, ambako kasa hupanda pwani usiku kutaga. Nikamnong'oneza mama kwamba inabidi tuage mapema, wenyeji watatuelewa, kasa hawangoji mtu. Mama akaniangalia, tonge mkononi.

"Kwani hao kasa," akauliza, "ni jamaa zetu kwa nani?"