Ukoko wa Krismasi

Ifikapo tarehe 24 Desemba, fundi cherehani hutafutwa kuliko mwizi wa kuku. Amekuwa akisema "njoo kesho" tangu mwezi uanze, na sasa kesho zimemwishia. Gauni likitoka, mkono mmoja unafika kiganjani na wa pili umekomea kwenye kiwiko. Stendini Dar es Salaam, wasafiri wa Moshi na Rombo wamekalia mabegi wakingoja basi ambalo tangu alfajiri "liko njiani". Nyumbani nako, jogoo aliyenenepeshwa tangu Oktoba amenusa jambo, yuko juu ya mwembe. Wengi huona kwamba mikasa hii inaiharibu sikukuu. Mimi nasema inaitambulisha, na anayengoja mambo yanyooke kwanza ndipo ashukuru, Pasaka itamkuta bado anangoja.

Shahidi wangu ni Luka. Isome sura yake ya pili kama taarifa ya safari, uiweke pembeni kadi ya salamu. Kaisari Augusto ametaka watu waandikishwe, basi Yusufu anaondoka Nazareti kwenda Bethlehemu, zaidi ya kilomita 100, na Mariamu ni mjamzito. Wanafika, nafasi hakuna. Mtoto analazwa horini, mahali pa kulishia mifugo. Wageni wa kwanza ni wachungaji waliotoka zamu ya usiku, na Luka hataji kama walibeba hata chane ya ndizi. Hakuna kamati ya sherehe ambayo ingepitisha ratiba hiyo. Lakini malaika hakungoja chumba kipatikane ndipo atangaze furaha. Zaidi ya hapo, ishara aliyowapa wachungaji ilikuwa hori lenyewe: mtamkuta amelazwa humo. Ile hitilafu ndiyo iliyokuwa anwani. Mtoto angepata kitanda, wachungaji wangegonga milango mpaka kukuche.

Atasema mtu kwamba huu ni utetezi wa uzembe: pilau imeungua kwa sababu mpishi alikuwa kwenye simu. Ni kweli, na aambiwe. Fundi naye apunguziwe malipo kwa kipimo cha ule mkono uliopungua. Shukrani haimfutii mtu kosa; inamzuia tu aliyekosewa asinune siku nzima mbele ya soda ambayo haikupata baridi. Hoja nzito ni ya aliyefiwa mwaka huu, au ambaye sufuria yake haina hata cha kuungua. Huyo nikimwambia acheke, nastahili kofi. Ila furaha ya Kikristo haijawahi kuwa kicheko cha kulazimishwa. Paulo aliwaandikia Wafilipi waraka uliojaa furaha akiwa kifungoni, na humohumo akawashukuru kwa msaada waliomtumia. Furaha yake ilikuwa imepita mikononi mwa watu. Kwa hiyo kwa jirani mwenye msiba itangulie sahani ya pilau. Mahubiri yangu yabaki jikoni.

Wale wachungaji, asema Luka, walirudi wakimtukuza Mungu. Walirudi kwa kondoo walewale na zamu ileile, wala hatusikii kwamba ujira ulipanda. Nasi pilau ikishapakuliwa, mpishi ataufunika ukoko kwa aibu. Akigeuka tu, atawakuta watoto wameshika vijiko, wakiugombania.