Paukwa ya Kwenye Skrini: Tovuti Tano Zilizonikalisha Kitako

Bibi akishasema "Paukwa!", hakuna mjukuu anayebaki uani. Kuna tovuti nazo zimejua kuita hivyo. Nahesabu kutoka ya tano hadi ya kwanza, na mwenye kubisha aje na zake!

5. Theluji. Desemba 2012, New York Times waliweka mtandaoni "Snow Fall", kisa cha maporomoko ya theluji ya Tunnel Creek, jimbo la Washington. Unafungua tu, theluji inapeperuka mbele ya macho yako. Isome Dar mwezi wa Januari, jua la utosi, uone kama hutatafuta shuka.

4. Mpita njia. Brandon Stanton, aliyeanzisha Humans of New York mwaka 2010, hupiga picha ya mtu barabarani, akamsikiliza, akaandika maneno yake machache. Mistari mitatu, unashinda nayo kutwa. Wenzangu wa kurasa tisa, mpo?

3. Itaendelea. Kwenye Wattpad, watunzi hutoa hadithi zao sura baada ya sura. Mlango unagongwa, sura imekwisha. Ukatili huo! Na kesho umerudi.

2. Mkopaji wa Tororo. Kiva, tovuti ya kuwakopesha wafanyabiashara wadogo, ilitoa mikopo yake ya kwanza huko Tororo, Uganda, 2005. Badala ya kukumwagia majedwali ya umaskini, inakuonyesha mtu mmoja: sura yake, biashara yake, mkopo anautakia nini. Awali uliweza kuanza na dola 25. Nani amewahi kulikopesha jedwali? Ila hapa nina neno. Mwaka 2009 mtafiti David Roodman alionyesha kwamba mara nyingi mkopaji alikuwa ameshapewa fedha kabla wewe hujabonyeza kitufe. Kiva wakarekebisha maelezo yao, na walifanya vyema. Habari ya mtu aliye hai nipe ilivyo; chumvi tia kwenye kachumbari.

1. Vikorokoro. Hii ndiyo kiboko yao! Mwaka 2009 Rob Walker na Joshua Glenn walikusanya vikorokoro karibu mia, kichupa cha mayonezi kikiwemo, kwa jumla ya dola 128.74. Wakawaomba waandishi watungie kila kimoja hadithi, kisha wakavinadi eBay. Hawakumficha mtu: jina la mtunzi lilikuwa pale pale, mnunuzi akijua ni ya kubuni. Vikaleta dola 3,612.51. Mara 28! Mwambie dalali wa Kariakoo, atauliza mganga ni nani. Aliyeshinda mnada alitumiwa kikorokoro chake kwa posta, pamoja na karatasi yenye hadithi yake.