Mhadhara wa Profesa wa Kujitegemea

Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye hukufika, ndugu wafugaji wa Mbozi, na nyinyi mliosikia kuna soda: kaeni. Aliyezoea kuniita Profesa aendelee, asiyezoea aanze leo. Cheo hiki sikupewa na mtu, kwa hiyo hakuna wa kuninyang'anya. Elimu ya juu niliipatia Morogoro, dirishani mwa basi. Mafunzo ya vitendo nimeyafanyia kwenye meza za kitimoto.

Swali letu: kwa nini mtoto wa nguruwe huharisha akafa hata hujamzoea sura? Wataalamu wadogo watasema bakteria. Mimi nasema mkosaji ni mtoto mwenyewe. Anakuja duniani hajajiandaa!

Mtoto wa binadamu hupokea kingamwili za mama yake akiwa bado tumboni. Huyu wa nguruwe hapati kitu. Kondo la nguruwe lina tabaka sita kati ya damu ya mama na damu ya mtoto, na kingamwili hazipenyi. Anazaliwa na kilo moja na ushei, manyoya ya kuhesabika, mafuta ya kumtia joto hana, halafu anadai nyuzijoto 32 hadi 34. Wewe nani? Kinga yake yote imo kwenye dang'a, na hiyo nayo ina muda wake: zikipita saa 24 hadi 36, utumbo hauzipitishi tena kingamwili kwenda kwenye damu. Basi wenye nguvu wanakamata chuchu za mbele, kadogo kanabaki kuzungukazunguka nyuma kakilia. Uzembe mtupu.

Hapo ndipo anapoingia E. coli. Tindikali ya tumbo la kichanga ni hafifu, kwa hiyo anapita bila kuulizwa. Ana vinyweleo, maarufu zaidi vikiitwa F4, vya kunatia kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Akishanata anatoa sumu, na utumbo, bila hata kuchubuka, unaanza kumwaga maji na chumvi za mwili. Wako watoto waliozaliwa bila mahali pa F4 kunatia. Hao ndio waliojiandaa. Wengine utawakuta mkia umelowa, macho yamezama, ngozi ukiifinya hairudi upesi, na sakafuni pana majimaji ambayo mfugaji mvivu atadhani ni mkojo.

Sasa sikilizeni jambo linalonikosesha usingizi. Dang'a ina kitu cha kuzuia tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini, ili kingamwili zisisagwe njiani. Vizuri. Lakini tripsini hiyohiyo ndiyo ambayo ingeiharibu sumu ya Clostridium perfringens aina ya C! Askari kafungiwa nje, mwizi yuko sebuleni. Ndiyo maana mtoto wa siku mbili anaweza kuharisha damu na kufa siku hiyohiyo. Nalo hilo namlaumu yeye.

Akinusurika, wiki ya tatu au ya nne anaachishwa ziwa, kingamwili za kwenye maziwa zinakatika, anasusa pumba, utumbo unadhoofika, anaharisha upya. Ulaya walikuwa wakiwachanganyia oksidi ya zinki nyingi kwenye chakula. Juni 2022 Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kama dawa, kwa ajili ya mazingira na usugu wa vijidudu. Hawakuniuliza.

Naona mkono. Ndiyo, mama wa kitenge cha kijani. Unasema banda lako ni kavu, unatandika maranda, unamwosha jike chuchu kabla hajazaa, na vile vidogo unavishikilia mwenyewe vinyonye kwanza, na bado hujawahi kuzika hata kimoja? Hongera, mama, hiyo ni bahati. Sayansi haijengwi kwa bahati. Kaa.

Namalizia na dawa. Chupa hii ni siri ya ukoo. Mtoto akianza kuharisha, mpe kidogokidogo, mara kwa mara, na usimwondoe kwa mama yake. Shilingi elfu kumi tu, na pesa ikishaingia hairudi.

Mama, mbona umesimama tena? Ndiyo, ni maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari. Lakini nimeyakoroga mimi.