Ligi ya Shibe Yamumbi: Kutoka Mkiani Hadi Kileleni

Mwaka 1995, Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kipimo cha kilokalori 240, wakawa wanawauliza kila dakika 15 kwa saa mbili wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100, vingine vikapimwa dhidi yake. Ugali haukualikwa kabisa! Basi tuumalizie mtihani huu hapa Yamumbi. Ukikerwa na nafasi ya chakula chako, teta.

6. Mandazi. Sydney walipima donati, ndugu yake wa mafuta, ikaambulia 68. Hukumu: kitafunio, si mlo. Mwenye kibanda analijua hilo, ndiyo maana hashangai ukirudia la tatu.

5. Chai ya maziwa. Vincent Onywera na wenzake waliwafuatilia wakimbiaji nyota 10 wa Kenya kambini kwa siku 7, matokeo yakatoka 2004. Kwa wastani kila mmoja alikunywa zaidi ya lita moja ya chai kwa siku, na sukari pekee iliwapa karibu moja kwa tano ya nishati yao. Sukari ya kunywa haishibishi sana. Hukumu: aliyetoka kukimbia aongezwe kikombe. Wewe uliyekaa dukani tangu asubuhi, kimoja kinatosha.

4. Keki ya harusi. Umelegeza mshipi kwa pilau, umeapa huongezi hata tonge, keki inapita na mkono unanyooka wenyewe. Barbara Rolls na wenzake walilieleza mwaka 1981: hamu hufifia kwa kile ulichokwisha kula, ladha mpya ikija inaamka. Hukumu: usimwite mjomba mlafi.

3. Githeri. Maharagwe ya kopo yalipata 168 kule Sydney, na haya ya kwetu yana mahindi ya kutafuna juu yake. Kutafuna ndiko kwenyewe. Mwaka 2019 Kevin Hall, Marekani, aliwaweka watu 20 kwenye vyakula vya kiwandani kwa wiki mbili, na vya kawaida kwa wiki mbili nyingine, wajipakulie wapendavyo. Kwa vya kiwandani walikula haraka, wakazidisha karibu kilokalori 500 kwa siku. Hukumu: jaribu kuikimbiza githeri uone taya litakavyokujibu.

2. Ugali. Najua, najua, wekeni mwiko chini kwanza. Kwenye utafiti ule wa Onywera, hakuna chakula kilichowapa wakimbiaji nishati nyingi kuliko ugali, karibu robo nzima. Hata hivyo, nishati waliyokula haikufikia waliyochoma. Sahani ilijaa, deni likabaki! Hukumu: mfalme wa mazoezi, makamu wa shibe.

1. Viazi vya kuchemsha. 323! Hakuna chakula kati ya vyote 38 kilichovikaribia. Samaki, wa pili, alikuwa na 225. Maji mengi, uzito mwingi, kalori chache. Kiazi hichohicho kikaange kiwe chipsi: 116. Foleni zote zile za chipsi mjini Eldoret jioni, na bingwa kalala kwenye gunia, bei nafuu. Hukumu: chumvi kidogo, mboga ya managu pembeni, umemaliza.

Mursik, maziwa yaliyoganda kibuyuni, nimeiacha nje. Anayeitetea aje na sotet yake, kibuyu chenyewe, imejaa, ndipo tuzungumze.