Mwongozo kwa Anayetamani Kuwa Panya wa Maabara

Mgongo umekuuma miaka nenda miaka rudi, diclofenac imeshakuunguza tumbo, na sasa umeona tangazo: wanatafutwa watu wa kujaribu dawa mpya ya maumivu sugu. Nauli watalipa wao, vipimo bure, chai ipo. Hongera. Ili mambo yasiharibike, kwa upande wao, zingatia haya.

Amini kwamba unakwenda kutibiwa. Daktari ana koti jeupe, kitanda kina shuka safi, unataka nini tena? Usijisumbue kufikiri kwamba jaribio huandaliwa kujibu swali la watafiti, na kwamba kwenye awamu ya kwanza swali lenyewe huwa ni mwili unavumilia kiasi gani. Atakayepata dawa na atakayepata kidonge kitupu mara nyingi huamuliwa kwa bahati nasibu. Hata kitupu kinaweza kuonekana kimekupa nafuu, maana watu hujiandikisha siku maumivu yamefika kileleni, na maumivu ya kileleni mara nyingi hushuka yenyewe. Yakishuka, isifu dawa.

Fomu ya ridhaa isaini upesi, watu wako foleni. Ruka ukurasa unaosema nani atagharamia matibabu yako ukidhurika. Ruka pia ule unaosema unaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma. Ukiusoma, unaweza kuutumia.

Muhimu kuliko yote, usiulize habari za aliyekutangulia. Somo hili lilitolewa vizuri mjini Rennes, Ufaransa, Januari 2016. Bial, kampuni ya Ureno, ilikuwa na dawa iitwayo BIA 10-2474, iliyotarajiwa kutuliza maumivu, pamoja na kazi nyingine, kwa kuzuia kimeng'enya kinachovunja zile kemikali za mwili zinazofanya kazi kama bangi. Kituo cha Biotrial kiliwajaribu watu wenye afya njema, kwa malipo ya euro 1,900. Makundi ya mwanzo yalimeza kidogo kidogo, yakafika miligramu 20 kwa siku, hakuna aliyeanguka. Kundi lililofuata likarukishwa hadi 50. Wataalamu walioitwa baadaye walisema kimeng'enya chenyewe kilikuwa kimeshazuiwa chote kwa dozi ndogo mara nyingi kuliko hiyo. Basi zile miligramu za ziada zilikuwa za kutafuta nini?

Jumapili, Januari 10, baada ya dozi ya tano, mmoja wao akapelekwa hospitali. Jumatatu asubuhi wenzake watano wakapewa dozi ya sita. Wakaguzi wa serikali walilaumu hasa hapo: jaribio halikusimamishwa siku ileile, na wale watano hawakuelezwa rasmi yaliyompata mwenzao ili waamue upya kama bado wanataka kumeza. Yule wa kwanza alifariki Januari 17. Kati ya watano, wanne walipata dalili za kudhurika ubongo. Na hao, kumbuka, walikuwa wazima, waliokaguliwa kabla ya kupokelewa. Wewe unakwenda na presha, figo zilizochoka na mfuko wa vidonge.

Vidonge hivyo wanaweza kukutaka uviache kwanza, visichafue matokeo. Viache ghafla, usimwambie daktari wako wa kawaida. Tramadol na pregabalin zikikatwa ghafla huleta jasho, kukosa usingizi, pengine hata degedege, lakini angalau utakuwa na la kusimulia.

Kama wewe ndiye unayetozwa pesa ili ujaribiwe, kwa mfano sindano ya seli shina gotini, lipa taslimu. Tanzania, jaribio la dawa lahitaji kibali cha mamlaka ya dawa, TMDA, na kibali cha maadili cha taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR; usiombe kuviona, mwenye kliniki atajisikia vibaya.

Ukipata nafuu ya kweli, usijiulize goti limenyamaza kwa nini. Wako waliochomwa tanezumab, dawa ya Pfizer na Eli Lilly inayozuia protini ya kukuza neva, na maumivu yakapungua. Kwa baadhi yao kiungo kikawa kinaharibika kwa kasi, wengine hadi kubadilishiwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisimamisha majaribio hayo mwaka 2010, baadaye yakaruhusiwa tena. Machi 2021 jopo la washauri wake lilipiga kura 19 kwa 1 kwamba faida haizidi hatari, na Oktoba mwaka huo kampuni zikaachana na dawa hiyo.

Swali moja tu unaruhusiwa, nalo uliulize ukiwa umeshasaini: jaribio likiisha, na dawa ikiwa imekufaa, utaipata wapi? Tanezumab haikuidhinishwa. Hata yule iliyemnyoosha mguu akatembea, hakuna duka la dawa la kumuuzia.