Kitanda Bila Matendegu

Sofa ya sebuleni kwetu ilikuwa ya mahameli, rangi ya damu ya mzee, yenye kingo za dhahabu ya kupakwa na miguu ya simba. Sofa za namna hiyo hushuka bandarini Kisimayu kutoka Dubai. Nyumba isiyokuwa nayo hapa mjini basi ina fadhi carbeed, yale magodoro ya chini ya Kiarabu yanayozunguka kuta tatu na mito yake mizito. Juu ya sofa tulikuwa na mapazia ya tabaka mbili, maua ya plastiki, na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna mgeni aliyepata kuvinywea. Mavyaa alivifuta vumbi kila asubuhi kabla hajagusa chai. Tuliishi hivyo kwa amani mpaka mume wangu alipoanza kutazama picha.

Alitumiwa picha hizo na binamu yake aliyeko Uingereza. Ukuta mweupe, kiti kimoja, mmea mmoja ndani ya chungu, basi. "Tazama nafasi hiyo," aliniambia usiku, simu ikimmulika uso. Nilitazama. Nikamwuliza watoto wa nyumba hiyo wako wapi.

Hakujibu, akaendelea kusoma. Alimpata Marie Kondo, yule mama wa Kijapani aliyetoa kitabu mwaka 2010 akifundisha watu kushika kila kitu mkononi na kujiuliza kama kinawafurahisha, kisichofurahisha kiondoke. Mume wangu akaingia jikoni, akamletea mamake sufuria kubwa la pilau lililoungua chini. "Mama, hili linakufurahisha?" Mavyaa alimtazama kama mtu aliyeona mwanawe amepatwa na homa. "Linapika," akasema, akalichukua, akalirudisha mahali pake. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwaka 2023 Kondo mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kuwa tangu apate mtoto wa tatu amelegeza kamba kidogo. Nilimwonyesha mume wangu habari hiyo, lakini nilikuwa nimechelewa. Sofa ilikuwa imekwisha kupanda gari la punda.

Fundi seremala alikuja kupima. Akaonyeshwa picha: benchi refu lisilo na mgongo, meza ya kimo cha goti, na kitanda cha chini, ubao mtupu umelala karibu na sakafu, hakina mchago wala matendegu.

"Nakshi niweke wapi?" akauliza.

"Hakuna nakshi."

"Rangi?"

"Hakuna rangi. Mbao zionekane."

Fundi akataja bei. Mume wangu akaruka: vipi kitu kisicho na nakshi kiwe ghali kuliko chenye nakshi? Hapo yule fundi akamsomesha bure. Nakshi na vanishi, alisema, ni rafiki wa seremala. Ubao ukipasuka, unachora ua juu ya ufa; maungo yakiachana, unajaza gundi na unga wa mbao, unapaka rangi, mteja anasifu. Kitu kitupu hakina pa kuficha. Kila kiungo lazima kikae sawasawa, kila ubao upigwe randa na msasa hadi ulainike. Nafikiri hayo ndiyo maneno ya akili kuliko yote yaliyosemwa nyumbani kwetu msimu ule wa kaskazi, na yule fundi hakutoza hata senti kwayo.

Vyombo vilipofika, sebule ilipendeza kweli. Upepo ulipita. Mume wangu alipiga picha, akamtumia binamu. Kisichoonekana kwenye picha ni chumba cha mavyaa. Kitanda chetu cha zamani kilikuwa na uvungu, na uvungu ule ulibeba gunia la mchele, masanduku mawili, nyavu za shemeji, baiskeli ya mtoto na mabati yaliyobaki ya paa. Kabati la vioo nalo lilikuwa na tumbo lake. Vyote vilihitaji pa kwenda, navyo vilikwenda kwa mavyaa, mpaka akawa anaingia chumbani mwake ubavu.

Siku moja alitoka humo, akasimama katikati ya ule uwazi. Mume wangu, kwa ubaya wa bahati, alikuwa akieleza kwamba uchache wa vitu humpa mtu utulivu wa moyo.

"Mwanangu," mavyaa akasema, "mwaka 1991 wanamgambo waliingia hapa wakachukua vitanda, wakachukua milango, wakapanda juu wakang'oa mabati. Nikaingia dauni na wewe mgongoni mpaka Mombasa. Kambini Jomvu nilikaa na mkeka mmoja na dumu moja la maji. Hakuna aliyekuja kunipiga picha akanambia nina utulivu."

Mume wangu alinyamaza siku nzima, kisha akarudi na hoja mpya: nyumba za zamani za Lamu na Siyu, alisema, hazikuwa na sofa. Kweli. Lakini zilikuwa na zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa ukutani, na humo ndimo vilimokaa vyombo vya kaure na vitabu. Sakafu ilipumzika kwa sababu ukuta ulifanya kazi. Ukuta wetu ni wa matofali ya saruji na una misumari miwili. Hata nyumba aliyozaliwa mavyaa kisiwani Chula, ya mawe ya matumbawe na paa la makuti, vitu vyake vichache vilikuwa na kazi nyingi: ulili wa kamba ulitolewa barazani mchana ukakaliwa na watu wanne, sanduku lilikuwa kabati na kiti, mikeka ilining'inizwa ikisubiri wageni. Benchi la mume wangu lilikuwa benchi tu.

Na wageni walikuja. Wifi yangu aliletewa posa kutoka kisiwa cha Chovai, wazee wakashuka pwani na jamaa zao, watu zaidi ya kumi. Watatu wakatosha kwenye benchi. Mkubwa wao, aliyezoea kukaa kwenye sofa za watu, akapokea kahawa, akasema bismillahi, akaegemea.

Nyuma hapakuwa na kitu.

Kahawa ilikwenda juu, kofia ikaenda kando, na mzee mwenyewe tukamkuta chali, miguu bado imeshika benchi. Hakuumia, alhamdulillahi. Mavyaa hakusema neno. Aliingia ubavu chumbani mwake, akatoka na mikeka ambayo mume wangu alidhani imeshagawiwa, akaitandaza ukuta hadi ukuta, akapanga takia. Kwa dakika chache ukumbi uliomeza watu watatu ukameza wote, halua na kaimati zikazunguka, posa ikakubaliwa. Mzee alikaa mkekani ameegemea takia mbili, na kila alipotupia jicho lile benchi alicheka peke yake.

Mume wangu alikwenda kimyakimya kuiulizia sofa. Ilikuwa imenunuliwa na watu waliorudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab, wanaojaza nyumba yao upya, na bei waliyotaka ilikuwa maradufu ya ile aliyoiuzia. Benchi likapelekwa barazani, ambako wavuvi wanalipenda kwa sababu lina ukuta nyuma.

Kikabaki kitanda. Mvua za masika zilipoanza, godoro lililolala juu ya ubao usiopitisha hewa likaota ukungu chini, na mchwa wakaona njia fupi kutoka sakafuni hadi mfumbatini. Fundi akaitwa tena. Akapiga magoti, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akasema kinaokoka kikiinuliwa: atoboe ubao, atie matendegu manne, na kila tendegu lisimame ndani ya kopo la mafuta ya taa.

"Matendegu ya namna gani?" akauliza. "Ya kawaida au ya kukereza?"

Mume wangu alifungua mdomo.

"Ya kukereza," mavyaa akasema. "Na vanishi."