Gunia la Choroko na Giza la Miezi Mitatu

Nyumba yetu ya Kikwajuni iliingia vitani kwa sababu ya dumu la maji.

Ilikuwa katika lile giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme itokayo bara kupitia chini ya bahari ilipoharibika, Unguja nzima ikabaki na vibatari na jenereta. Pampu za maji nazo zilisimama, watu wakarudi visimani. Madumu yetu yalipangwa stoo, ubavuni mwa gunia la choroko la shangazi. Shangazi alikuwa akiuza bajia, na mashine ya kusagia ilitaka umeme, basi gunia likalala.

Dumu moja likapata ufa, likavuja kimya kimya. Siku ami alipoingia na kibatari kufuata harufu, alikuta gunia limevimba mpaka mshono umefumuka, na penye mfumuko vimetoka vishina vyeupe, virefu kuliko kidole. Kila kimoja kichwa kimeinama kama ndoana, na vijani vya manjano vimefumbana.

Ami akasema zimeoza, zipelekwe jaani. Shangazi akaapa haitupwi hata moja mpaka ajulikane aliyeleta dumu bovu. Hakujulikana. Ndugu wawili wakasusiana, chai ikawa inapelekwa vyumbani, na bibi akaamuru mlango wa stoo ufungwe.

Mimi roho yangu ilikuwa kwenye zile choroko, maana hazikuwa zimeoza. Kwa mche, giza ni habari kwamba bado uko chini ya udongo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya akiba ya mbegu huenda kwenye kurefusha shina, na kichwa huinama ili ncha changa isichubuke ikipenya. Ule umanjano ni wa karotenoidi, ambazo huundwa hata gizani. Na ndani ya seli mna kazi kubwa zaidi: pale ambapo kloroplasti ingekuwapo pana etioplasti, yenye utando uliofumwa kama wavu. Humo mche umekwisha kuweka protoklorofilidi, malighafi ya umbijani, pamoja na kimeng'enya chake. Hatua moja tu ndiyo haiwezekani, kwa kuwa kimeng'enya hicho hakifanyi kazi mpaka mwanga ukipige. Ukipiga, protoklorofilidi hugeuka mara moja, umbijani huanza kuundwa, na utando ule hujifumua ukajipanga tabaka kwa tabaka tayari kwa usanisinuru. Misonobari ina kimeng'enya kingine kinachotengeneza umbijani hata gizani. Mimea ya maua, choroko ikiwamo, haina.

Nikamwomba shangazi ruhusa, akanipa kwa shingo upande. Asubuhi nikatandaza mkeka uwani, nikazinyunyizia maji zisinyauke kwa jua la kaskazi. Alasiri vichwa vilikuwa vimeanza kunyooka na vijani vimeshika ukijani. Bibi akachukua kimoja, akakigeuza geuza kiganjani. "Mwite ami yako," akaniambia.

Ami akaja, akachutama pembeni mwa mkeka na shangazi upande wa pili, wakaanza kuchambua. Za chini ya gunia zilikuwa zimeoza kweli, zikatupwa. Zilizobaki zilipikwa kwa nazi, na majirani wakapata.

Choroko zikichipua stoo kwenu, zinuseni kwanza. Zisizo na ukungu wala harufu mbaya zioshwe na zipikwe mpaka ziive. Chache zitoeni nje asubuhi, na alasiri muwaite watoto wazione.